Mtani Hanyimwi Damu

Mbishi kama Mzee Gerevazi Kihwelo hujawahi kumwona, na kama umewahi kumwona basi alikuwa nduguye wa tumbo moja. Mwaka ambao chanjo ya Telezi ililetwa Ihemela, watu walipanga foleni na baridi yao ya milimani, wazee kwa watoto, kila mmoja kakunja mkono wa sweta achomwe. Yeye alikaa mlangoni kwake na fimbo. Aliwaambia vijana wa chanjo kwamba damu aliyopewa na mama yake inamtosha, na anayetaka kuitia viungo aje kwanza amwonyeshe hati ya kuwa yeye ndiye mpishi. Vijana walicheka wakaenda zao. Walidhani atatulia, kumbe Mhehe akishasema hapana ndiyo ameanza.

Basi huyo huyo leo alikuwa chali kwenye kitanda cha chumba cha picha hospitalini, vifungo vya shati vimefunguliwa, na mpwa wake, Dokta Ledina Sanga, akimpitishia kifaa baridi shingoni.

"Usimeze mate, mjomba."

"Nimeze nini sasa? Umeniambia nije bila kula."

Ledina hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha mashine. Ateri ya kushoto, ile inayopandisha damu kichwani, ilikuwa na uvimbe wa mafuta ukutani mwake kwa muda mrefu, na uvimbe ule aliuzoea kama mtu anavyozoea ufa wa nyumba yake. Leo ganda la uvimbe lilikuwa limechanika. Damu ilifika pale pembamba ikakimbia, na kwenye mchaniko palikuwa pameanza kuning'inia kitu chembamba, kikichezacheza na mkondo.

"Mbona umenyamaza?" mzee aliuliza. "Wewe ukinyamaza najua pameharibika. Hata ulipovunja chungu cha mama yako ulinyamaza hivyo hivyo."

Alimfuta mafuta ya kipimo shingoni, akamsaidia kukaa. Mjomba huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki, akamsomesha, akamfundisha kuogopa uongo kuliko fimbo. Hakuwa na namna ya kumzunguka.

"Kuna jeraha ndani ya mshipa, mjomba. Na damu yako imeanza kulishughulikia."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Ndiyo kazi yake. Kwenye damu yako kuna protini inaitwa mnaso. Ni ndefu, lakini imejikunja kama mpira wa nyuzi, na damu ikienda taratibu inajipitia tu, haina neno na mtu. Ikifika mahali penye mchaniko na mkondo ukawa mkali, inavutwa, inakunjuka. Upande mmoja unashika ukuta, na urefu wote uliobaki unadaka chembe sahani zinazopita. Chembe zikidakwa zinaita nyingine. Halafu zinakuja nyuzi za faibrini kuufunga ule mzigo mpaka unakuwa donge. Ukijikata na jembe, hilo donge ndilo linalokuzuia usivuje ukafa. Likitokea humu shingoni, linaziba njia na ubongo unakosa damu."

Mzee alifikiri, mkono ukipapasa shingo. "Yaani kinachoniponya ndicho kinachoniwinda."

"Ndiyo, mjomba."

"Basi hicho nacho ni mtani wangu," alisema, na safari hii Ledina alitabasamu kidogo bila kupenda.

Watu wengine wote wa Ihemela hawakuwa na habari na mambo hayo. Sindano moja ya Telezi ilikuwa imeyafundisha maini yao kutengeneza protini nyingine, inayoukumbatia mnaso usikunjuke hata mkondo uwe mkali vipi. Kiharusi kilipotea. Kilikua kizazi kizima ambacho hakijawahi kumwona mtu aliyepooza mdomo. Watu walisherehekea, na walikuwa na haki. Kisha wale waliochomwa wakiwa watoto wakaanza kuzaa. Ini lililofundishwa likiwa changa lilikuwa limejifunza kupita kiasi, na Telezi iliongezeka mwilini mwaka hadi mwaka. Kidonda cha kisu kilichelewa kukauka, lakini kilikauka. Kidonda cha uzazi hakikukauka. Waliotengeneza Telezi walisema tatizo wanalijua na wanalifanyia kazi. Walikuwa wakilifanyia kazi tangu Ledina yuko chuoni.

Kilichobaki kuwaokoa kina mama ni damu ya wanata, hivyo ndivyo walivyoitwa wale ambao hawakuchomwa. Nao wote walikuwa wazee, kwa sababu vijana wasiochomwa hawakuwepo. Tena damu yao ya kawaida haikutosha kuizidi nguvu Telezi ya mzazi. Ilibidi mnata achomwe kwanza sindano ya ghala, inayoziamuru kuta za mishipa zimwage mnaso wote ziliouweka akiba, ndipo avutwe plazima, yale maji ya manjano ya damu. Kwa muda huo mwili wake hunata kuliko ulivyoumbwa kunata. Mwenye mishipa mizima hushuka kitandani akadai chai. Mzee Nyenza, rafiki wa Gerevazi wa tangu kuchunga, hakushuka.

Siku ile ile ya Nyenza, Ledina aliandika kwenye faili la mjomba wake kwamba asiguswe. Hakuna aliyembishia. Gerevazi alikuwa ndiye mnata wa mwisho katika wilaya nzima, na tangu hapo kina mama walikufa. Ledina aliwajua kwa majina, na majina hayo hakuwahi kuyataja hata mbele ya mumewe.

"Mjomba," alisema sasa, akifungua jokofu dogo, "nikuchome Telezi. Leo hii. Kwako wewe mtu mzima haitazidi, itakulinda tu. Itachukua siku kadhaa ini lijifunze, lakini lile donge la shingoni naona bado ni changa. Tunaweza kuliwahi."

Alisubiri fimbo. Alisubiri maneno ya viungo na mpishi. Mzee alitazama dirishani, ukungu ulikokuwa umeficha miti ya misindano.

"Nyenza alikufa ananiangalia," alisema. "Nilikuwa kitanda cha pili, nasubiri zamu yangu. Alitaka kuniambia kitu, mdomo ukamwendea upande. Tangu siku hiyo nikilala nashika shingo hivi. Mimi naogopa, mpwa wangu. Naogopa sana." Akamgeukia. "Usimwambie mtu."

"Simwambii mtu."

"Haya, nichome. Tuishi na sisi kama wengine."

Ledina alijua anachokifanya. Akishamchoma, Ihemela yote itakuwa telezi tupu, na mzazi yeyote atakayevuja atavuja mpaka aishe. Alijua, na moyo wake ulifurahi hivyo hivyo, ukamwonea haya. Aliivuta dawa kwenye bomba la sindano, akalilaza kwenye sahani ya chuma.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa nesi Odilia, glavu zake nyekundu hadi viwikoni.

"Dokta, njoo. Ni Skola."

* * *

Skolastika Mhagama alikuwa amejifungua salama. Mtoto wa kike, mzima, sauti kama ya tarishi wa mahakama. Kondo lilitoka lote, tumbo lilikaza lilivyotakiwa, na wakunga walikuwa wameshaanza kumtania mama kwamba mwanawe atakuwa diwani. Halafu damu ikaendelea kuja. Haikuja kwa kishindo. Ilitiririka tu, bila haraka.

Ledina alichukua kidogo kwenye kichupa cha kioo, akakifumbata kiganjani kipate joto la mwili. Damu ya mtu mwenye bahati hukaa ndani ya kichupa ikashikana, ukikilaza haitoki. Alisubiri, akakilaza. Damu ikakimbilia mdomoni mwa kichupa kama juisi ya ukwaju.

"Mifuko ya damu?"

"Tumeweka miwili," Odilia alisema. "Inapita tu."

Ingefanya nini zaidi ya kupita? Ilikuwa damu ya watu wa Ihemela, na Telezi yao imo humo humo. Kumpasua watoe kizazi ilikuwa kumwongezea mlango wa kuvujia. Odilia alikuwa amekandamiza tumbo kwa ngumi mbili, jasho likimdondoka, na Skola mwenyewe, msichana aliyefundisha hesabu shule ya pale bondeni, alikuwa anauliza kama mtoto ameshanyonya. Midomo yake ilikuwa imeanza kufanana na shuka.

"Atanyonya sasa hivi," Ledina alimwambia. "Wewe niangalie mimi. Usifumbe macho."

"Mbona nasikia baridi, dokta?"

"Huku ni baridi siku zote."

Alitoka nje ya wodi kutafuta pumzi, na aliyemkuta koridoni ni mama mzazi wa Skola.

Eufrasia Mhagama alikuwa Mngoni wa Songea aliyeolewa milimani na kubaki mjane, mwanamke mnene, mwenye sauti, na kati yake na Gerevazi palikuwa na utani wa miaka mingi, ule wa Wangoni na Wahehe ambao babu zao walichinjana kwanza ndipo wajukuu wakapewa ruhusa ya kutukanana, Mngoni mla panya, Mhehe mla mbwa. Alishamchukulia jembe, jogoo na mwavuli, mbele ya macho yake, na mzee hakuwa na la kusema kwa sababu mtani hanyimwi. Mzee naye alimlipa kwa kumpa mbwa wake jina la Mngoni, akawa anamwita kwa sauti kuu kila Eufrasia akipita. Kwenye mazishi ya Nyenza ni Eufrasia aliyevaa suruali ya marehemu na kuigiza mwendo wake, mpaka mjane akacheka huku kamasi zinamtoka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani: wafiwa wakilia, yeye hachangii chozi.

Sasa alikuwa amesimama ukutani, khanga mdomoni. Alimtazama Ledina usoni. Kisha macho yake yakapita juu ya bega la daktari, yakamwona Gerevazi amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha picha, anafunga vifungo vya shati.

Kila mtu Ihemela alijua Gerevazi ni nani, na kila mtu alijua kwamba asiguswe.

Eufrasia alijifuta uso kwa khanga, mara moja tu, kwa nguvu. Alipouondoa mkono, uso ulikuwa mwingine.

"Wewe Mhehe!" aliita, akienda kwake kwa mwendo wa kujitikisa. "Shingo hiyo wameipima ya nini? Umetafuta kamba ya saizi yako?"

Watu waliokuwa kwenye mabenchi waligeuka, nyuso zikijiandaa kucheka.

"Kamba nitaipata wapi?" Gerevazi alijibu bila kusita, uso umemchangamka. "Zote mmezimaliza nyie kwa kutegea panya."

"Afadhali panya. Mwenzio mbwa wako anakwambia shikamoo akiona chungu kipo jikoni."

"Mngoni wangu yule? Hana wasiwasi, nyama yake ngumu kama ya mwenye jina."

Walicheka. Ledina alikuwa amesimama palepale, mgongo wake kwenye mlango wa wodi. Alijua kinachokuja, na miguu yake haikusogea.

"Mtani," Eufrasia alisema, bado anatabasamu, "leo nimekuja kuchukua."

"Mwavuli si ulishabeba?"

"Mwavuli sitaki. Nataka damu."

Kicheko kilikatika. Mzee alimtazama, akautazama mlango wa wodi, akazitazama nyayo nyekundu za viatu vya Odilia sakafuni, na hapo akaelewa. Mkono wake ulipanda kwenda shingoni. Ulipofika kwenye kola ukajifanya unainyoosha.

"Damu ya Mhehe?" alisema. "Binti yako atabweka."

"Akibweka nitajua amekuwa mzima."

"Mama Skola," Ledina alisema, "hili si la utani."

"Sikukuuliza wewe, nusu Mhehe. Nimemuuliza mtani wangu." Tabasamu halikutoka. "Mtani hunyimwa?"

Gerevazi aliangalia watu kwenye mabenchi, wote wakimwangalia yeye.

"Hanyimwi," alisema.

* * *

Baada ya kifo cha Nyenza iliwekwa sheria. Mnata asichomwe sindano ya ghala mpaka aulizwe kwa maneno mbele ya Shahidi, kifaa kilichopachikwa ukutani, chenye taa ndogo ya kijani. Na kwa sababu walioitunga waliwajua watu wa nyanda hizi, kwamba humjibu hata malaika mtoa roho kwa utani, waliongeza kipengele: daktari akiona shaka, amtoe mtu pembeni, amuulize mara ya pili wakiwa wawili tu.

Ledina alimweka chini ya kile kifaa. Mabenchi yote yalisimama nyuma yao kusikiliza, Eufrasia akiwa mbele.

"Mzee Gerevazi Kihwelo. Unajua kwamba ukichomwa sindano hii, donge linaweza kuziba ateri ya shingo yako na ukafa?"

Mzee alivuta pumzi. Akamtupia jicho Eufrasia.

"Najua. Nife mara ngapi? Ila mbwa wangu apelekwe kwa huyu mama. Nikimwachia Mhehe mwenzangu, matanga hayaishi kabla hajawa mchuzi."

Watu waliangua kicheko, kicheko kikubwa cha watu waliokuwa wameshikilia pumzi. Eufrasia alicheka kuliko wote, machozi yakimtoka, na hakuna aliyeweza kujua ni ya nini. Shahidi alikuwa amesikia neno "najua". Taa ikawaka kijani.

Chumba cha pembeni kilikuwa hatua chache tu. Ledina alikiona mlango. Angeweza kumshika mkono mjomba wake, akamwingiza, akafunga, akamuuliza kama alivyomuuliza muda ule kabla Odilia hajaingia. Na alijua jibu ambalo angelipata humo ndani. Mtu aliyesema "tuishi na sisi kama wengine" angesema nini? Angelia, angesema hapana, na yeye ingempasa atoke pale na kumwambia Eufrasia hapana, kisha arudi ndani ashike mkono wa Skola mpaka ukome kushika.

"Dokta!" Odilia aliita kutoka wodini. "Anafumba macho!"

Hakumuuliza mara ya pili.

* * *

Sindano ya ghala ilipoingia, mashavu ya mzee yalipata wekundu na moyo wake ukaanza kwenda mbio. Mashine ilivuta damu mkono wa kushoto, ikaizungusha, ikamrudishia chembe zake, ikabakiza maji ya manjano kwenye mfuko. Mkono wa kulia ulikuwa umemshika Ledina. Sasa walikuwa wawili tu, na uchangamfu wote ulikuwa umemtoka.

"Yule binti ni mwalimu, sivyo?" aliuliza.

"Ndiyo, mjomba. Wa hesabu."

"Mungu amsaidie." Aligeuza kichwa akitafuta kitu. "Ledi, ile sindano yangu bado ipo?"

"Ipo pale kwenye sahani. Nakuchoma tukimaliza tu."

"Usiisahau."

"Siwezi kuisahau."

"Maana naona una mambo mengi."

Alitaka kumwomba radhi, akaona kuomba radhi kabla ya jambo ni kuliita. Aliutazama mfuko ukijaa. Mfuko ulijaa polepole mno, kisha haraka mno, na akiwa bado anautazama alihisi vidole vilivyomshika vinalegea kimoja kimoja.

"Mjomba?"

Upande wa kulia wa mdomo wake ulikuwa umeteremka. Jicho lilikuwa linamtafuta. Alisema kitu, kikawa sauti tu, akakisema tena kwa bidii, akashtushwa na sauti yake mwenyewe. Ledina hakuhitaji kioo wala kifaa kumwambia kinachoendelea: mnaso umekunjuka wote pale kwenye mchaniko, chembe juu ya chembe, nyuzi zikizungushiwa. Damu ile ilikuwa inafanya kwa uaminifu kazi iliyoumbiwa, mahali ambapo haikutakiwa.

Dawa ya kuyeyusha donge haikuwepo. Haikuwepo Ihemela, haikuwepo wilayani. Nani angeiagiza? Kizazi kizima hakikuwa kimeona kiharusi zaidi ya kile cha Nyenza, na mnata aliyebaki alikuwa ameandikiwa asiguswe.

Aliuchomoa mfuko akampa Odilia mlangoni, Odilia akakimbia nao. Kisha alifanya jambo ambalo daktari yeyote angemcheka: alichukua bomba kwenye sahani ya chuma akamchoma mjomba wake Telezi. Haikuwa na faida tena, ini lingehitaji siku ambazo hakuwa nazo. Alimchoma kwa sababu alikuwa amemwahidi, na mzee akaiona sindano, na lile jicho likatulia kidogo. Alidhani ameokolewa. Hilo ndilo lililomuumiza Ledina kuliko yote.

Wodini, Odilia alikilaza kichupa, damu ikabaki mahali pake. Skolastika aliishi. Gerevazi Kihwelo alikufa kesho yake asubuhi, mvua ikinyesha.

* * *

Walimzika kwenye shamba lake, kando ya mahindi yaliyokuwa yameanza kubeba. Watu walikuwa wengi. Walishajua kwamba mnata wa mwisho ndiye anayeshushwa pale, na wanawake wenye mimba walisimama nyuma kabisa, mikono juu ya matumbo.

Eufrasia alikuja amevaa koti la marehemu na kushika fimbo yake, kama ilivyompasa. Aliigiza mwendo. Aliwafukuza vijana wa chanjo ambao hawakuwepo, akawauliza jiko liko wapi. Watu walicheka na kulia kwa pamoja, na kwa kitambo msiba ukawa msiba unaobebeka. Kisha, kabla jeneza halijashushwa, aliingia kaburini akalala chali, fimbo kifuani.

"Sitoki!" alisema. "Mtani hatoki bure! Nani mwenye msiba huu?"

Wazee walimsukuma Ledina mbele. Hakukuwa na mwingine wa karibu zaidi. Alichutama ukingoni, mkononi ana jogoo aliyeandaliwa kwa kazi hiyo.

"Chukua, mtani. Utupishe tumzike."

"Jogoo wake nilishamla zamani," Eufrasia alisema, watu wakacheka. Halafu akashusha sauti, ikawa ya kumfikia Ledina peke yake. Usoni hakukuwa na mchezo hata chembe. "Nataka jibu. Mimi sijalala tangu siku ile. Nikimshika mjukuu wangu namwona yeye. Niambie, mwanangu. Alikubali, au mimi nilimtania mpaka akafa? Niambie, na mimi nitatoka."

Neno moja lilitosha. Alikubali. Shahidi mwenyewe alishasema hivyo, na taa yake ya kijani. Mama yule angetoka, angejipangusa udongo, angemlea mjukuu wake. Lakini Ledina alilelewa na mtu aliyemfundisha kuogopa uongo, na mtu huyo alikuwa pembeni yake ndani ya sanduku, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka kuubeba mzigo ule peke yake.

"Alikuwa anaogopa," alisema. "Aliniambia asubuhi ile ile. Alikuwa ameomba nimchome Telezi, aishi. Nilipaswa kumuuliza mara ya pili, sikumuuliza."

Alipomaliza tu alijua alichokifanya. Hakuwa amemheshimu mjomba wake, alikuwa amevunja siri yake ya mwisho. Na mzigo haukupungua. Alikuwa amemtwika na mwenzake.

Eufrasia alibaki amelala, macho kwenye mawingu. Fimbo iliteleza kifuani. Kisha akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mfiwa, ndani ya kaburi la mtani wake, na watu waliozunguka wakarudi nyuma kwa sababu hawakuwahi kuona kitu kama hicho. Mtani akilia, nani anabaki wa kuwanyamazisha wenye msiba? Mzee mmoja alijaribu kumtania, akamwambia Mngoni ameona panya humo ndani au nini, akaishia kuvua kofia. Ilibidi vijana wanne washuke wamtoe kwa mikono.

Wakamzika Gerevazi Kihwelo bila kicheko. Simu ya Ledina ilikuwa inatikisika mfukoni, ni Odilia, na hakuhitaji kuipokea ili ajue kuna mzazi mwingine anavuja. Wanawake waliosimama nyuma nao walijua, walikuwa wanamtazama yeye.

Watu walipoanza kutawanyika, Eufrasia alivua koti la marehemu, akalikunja, akaliweka juu ya udongo mbichi. Akaenda pale mbwa alipofungwa, kwenye nguzo ya ghala la mahindi, akafungua kamba. Kila mtu alisimama. Walikuwa wanaingoja ile kejeli ya mchuzi. Ilikuwa imebaki hiyo moja, marehemu mwenyewe alimwachia, tena walikuwa wanaihitaji.

"Twende, Mngoni," Eufrasia alimwambia mbwa, na hakusema kingine.